Jazi ya Atomic na jazi ya Armstrong

Msafara wa harusi ukikatiza Ngamiani, mtaa wetu wa Tanga, na matarumbeta yake, hakosi mtu wa kusema, "Wanajazi wetu hao!" Ikitajwa bendi ya Atomic Jazz, mwingine hudai kwamba mabendi ya Tanga yalijipachika jina lisilo lao kwa sababu jazi hayakuipiga. Wote wawili wanakosea, na wa pili anawaonea wazee wetu.

Mpiga tarumbeta wa jazi ni mwanamuziki ambaye kazi yake kubwa ni kutunga papo hapo, akifuata kodi za wimbo (mafungu ya noti zinazolia pamoja), watu wakimsikiliza. Tarumbeta ina vali tatu tu. Sauti nyingi hupatikana kwa midomo na pumzi, kwa hiyo miaka ya mwanzo huishia kwenye noti ndefu, skeli (ngazi za noti) na santuri za waliotangulia. Mmarekani Louis Armstrong alifundishwa koneti, ndugu ya tarumbeta, katika nyumba ya watoto watukutu huko New Orleans, na mwaka 1922 akaitwa Chicago kwenye bendi ya King Oliver. Mpiga tarumbeta wa baadaye, Wynton Marsalis, alisoma chuo cha muziki cha Juilliard, kisha akapikwa katika bendi ya mpiga ngoma Art Blakey. Shule zao ni mbalimbali, lakini kila mmoja alikaa kwanza chini ya mkubwa wake.

Neno jazi lenyewe halikuanzia kwenye muziki. Mwaka 1912 huko California, gazeti lilimnukuu mrusha mpira wa besiboli akilitumia kuuelezea mpira wake. Kufikia 1915 watu wa Chicago walikuwa wakiuita muziki hivyo, na santuri ya kwanza ya jazi, ya 1917, ilikuwa ya bendi iliyoandika Jass, kwa s mbili. Neno la namna hiyo halina mwenyewe mmoja. OK Jazz ya Kongo, iliyoanzishwa 1956, ilipiga rumba, na hakuna anayeilaumu kwa jina hilo. Huku kwetu, Jazz kwenye jina la bendi ilimwambia mtu kwamba kuna dansi: magitaa, ngoma, midomo ya bata (saksafoni). Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilifuata desturi hiyo, na aliyelipa kiingilio alijua anakwenda kucheza nini.

Sasa sikiliza bendi ya dansi ya Msondo Ngoma, iliyozaliwa 1964 kwa jina la NUTA Jazz. Wapulizaji wanaingia kwa pamoja, wanamjibu mwimbaji, na wimbo ukishika kasi wanarudia kipande kilichopangwa bila kupishana. Mmoja akianza kutunga lake hapo, amewaharibia wenzake. Kwenye jazi, anayerudia solo (kipande chake peke yake) ileile noti kwa noti kila usiku ndiye atakayetazamwa kwa mshangao. Huo ni ustadi tofauti, wala wa dansi si wa ngazi ya chini. Matarumbeta ya harusini nayo yana ukoo wake katika beni, ngoma ya pwani iliyoiga bendi za kijeshi, na Tanga iliicheza beni kwa ushindani mkali.

Kwa hiyo kijana wa matarumbeta msifu kwa kazi yake, mwite mpiga tarumbeta. Atomic Jazz iachiwe jina lake kamili. Ila mgeni akikuuliza walikuwa wakipiga muziki gani, mwambie dansi.