Je, wajua kwa nini hati iliyopitiwa na watu saba bado hutoka na kosa?

Kuna siku kazini tulituma ripoti iliyokuwa imepita mikononi mwa watu saba. Kila mtu aliweka maoni yake pembeni kwa rangi yake, na mwishowe kila mtu akajibu, "Nimepitia, iko sawa." Ilipofika kwa wenyewe, aliyeifungua wa kwanza akaona kilichotupita sote: mwaka ulioandikwa juu ya jalada ulikuwa wa mwaka uliopita. Kosa halikujificha ukurasa wa 40. Lilikuwa pale pa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa.

Iliniuma, nami tangu hapo nimekuwa nikilifuatilia swali hili. Nimeona kwamba wingi wa wasomaji ni sehemu ya tatizo lenyewe.

Nikipewa hati niipitie peke yangu, najua kosa likipita ni langu. Nikiambiwa niipitie pamoja na wengine sita, nawaachia wenzangu sehemu bila hata kukusudia. Hesabu ataziona mhasibu. Lugha ataishughulikia yule mwenye jicho kali. Jalada, nani asiyeliona jalada? Na mhasibu naye anawaza vivyo hivyo kuhusu mimi. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sisi tulikuwa ndugu saba, kila mmoja akimtegemea mwenzake.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walichapisha jaribio linaloonyesha jambo hili vizuri sana. Waliwaketisha watu chumbani wajaze fomu, kisha wakaanza kupenyeza moshi kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, 18 kati ya 24 walitoka kutoa taarifa. Walipokaa watatu watatu, ni katika vikundi 3 tu kati ya 8 ambako hata mtu mmoja aliinuka. Wengine waliendelea kujaza fomu huku moshi ukitanda, kila mmoja akitazama utulivu wa mwenzake na kudhani hakuna la hatari. Ukituma rasimu kwa watu saba, na wawili wa kwanza wakajibu "iko sawa", umeshawapa watano waliobaki utulivu wa namna hiyo hiyo.

Sababu nyingine imo katika kusoma kwenyewe. Jicho la msomaji mzoefu haliokoti herufi moja moja. Linaruka, na ubongo unajaza kile unachotarajia kukiona. Kiswahili chetu kinaadhibu vikali usomaji wa namna hii. Tazama sentensi mbili: "Mkandarasi atalipwa kabla ya kukabidhi kazi." "Mkandarasi hatalipwa kabla ya kukabidhi kazi." Tofauti ni herufi moja, na ndani yake mna fedha za watu. Programu ya kukagua tahajia haitapiga mstari mwekundu popote, maana maneno yote mawili ni sahihi. Aliyeandika anajua alichokusudia, kwa hiyo anakisoma hata kama hakipo. Mwaka 1631 Biblia iliyochapwa London ilidondosha neno moja dogo la kukanusha, ile amri inayokataza uzinzi ikageuka kuwaagiza watu wazini. Wachapaji wake, Robert Barker na Martin Lucas, walitozwa faini ya pauni 300.

Halafu kuna suala la muda unakokwenda. Mwaka 1957 Mwingereza C. Northcote Parkinson alieleza kamati ya kufikirika inayopitisha mradi wa kinu cha nyuklia kwa dakika mbili na nusu, kisha ikajadili banda la baiskeli kwa dakika 45. Kinu hakieleweki kwa wengi wao. Banda kila mtu ana la kusema. Hati nazo ndivyo zilivyo. Nimeona maoni kumi na moja yakibishania "aidha" na "pia", wakati jedwali la chini yake, lenye jumla isiyolingana na safu zake, halikuguswa na mtu. Na ukurasa wenye maoni huzidi kuvuta maoni, kwa sababu jicho linakwenda kulikochorwa. Aya safi inaonekana imeshakaguliwa, kumbe haijasomwa na yeyote.

Mkanganyiko wa matoleo kila mtu anaujua: "ripoti_mwisho", "ripoti_mwisho_kabisa", "ripoti_mwisho_hii_ndiyo". Wawili wanarekebisha nakala mbili tofauti, kisha anayeziunganisha anafuta kazi ya mmoja. Kufanya kazi juu ya hati moja mtandaoni kumepunguza sana adha hiyo. Kumeleta nyingine lakini: maoni ya bosi yanaonekana na wote papo hapo, na akishaandika "safi" kwenye aya, ni wachache watakaothubutu kuandika chini yake kwamba hiyo aya haieleweki. Naamini mkubwa anapaswa kusoma mwisho, si kwanza.

Kwetu kilichosaidia zaidi ni kuacha kutuma ujumbe wa "naomba mpitie". Sasa kila msomaji anapewa swali lake, na jina lake linaandikwa mbele ya swali hilo. Mmoja anaulizwa kama takwimu zinalingana, na hatazami tu jedwali bali anajumlisha upya kwa kikokotoo. Mwingine anahakiki majina, vyeo na tarehe, jalada likiwamo. Wa tatu ni mtu ambaye hajawahi kuiona hati hiyo, na anaombwa atuambie ni wapi alilazimika kurudia kusoma. Wote wanapokea nakala isiyo na maoni ya wenzao, na mtu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuingiza marekebisho.

Vifungu vyenye malipo au masharti tunavisoma kwa sauti, mmoja akisoma na mwingine akifuata kwa kidole. Ukilazimika kutamka "hatalipwa", mdomo hauwezi kuiruka ile "h" kama jicho linavyoiruka. Wiki ya kwanza tulipofanya hivyo tulikamata sentensi moja ya aina hiyo kwenye mkataba uliokuwa tayari kutiwa saini.