Sarakasi kwenye gemu za dadu, na sheria zake za kibarazani

Kwanza tuelewane, gemu ninayosema hapa sio ya simu. Ni ile ya kukaa watu wanne watano mezani, mmoja anasimulia dunia ilivyo, wengine kila mtu na mhusika wake, shujaa, mchawi, mwizi, na ukitaka kufanya jambo lenye mashaka unarusha dadu. Inayojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, ilitoka Marekani mwaka 1974, watungaji wake Gary Gygax na Dave Arneson. Sie tunachezea barazani hapa Tanga, huku Ngamiani, na msimulizi tunamwita refa maana nusu ya kazi yake ni kuamua ugomvi.

Sasa sarakasi ni nini? Kumpiga upanga adui aliye mbele yako sio sarakasi, hiyo kwenye kitabu cha sheria za gemu ipo na hesabu yake ipo. Sarakasi ni pale mwizi wetu yuko juu ya mlingoti wa jahazi, maharamia wamejaa chini, afu mchezaji anasema mi nachomeka kisu kwenye tanga nateremka nalo linachanika mpaka chini, nikitua tu nahodha nampiga teke anaingia baharini. (Ndio, tanga, na tuko Tanga, utani huo umeshafanywa msijisumbue.) Kitabu hakina ukurasa wa kuchana tanga, kwa hiyo refa aamue mwenyewe, na hapo ndo inaingia sheria ya kibarazani, yaani kanuni ambayo haimo kitabuni ila nyie wa meza hiyo mmekubaliana. Kama drafti tu, benchi hili ukisahau kula kete yako inatolewa, ukienda benchi la mtaa wa pili hawana habari hiyo kabisa.

Kuna refa anakataa kila kitu, eti haiwezekani kwa uhalisia, na huku hapo hapo mezani kuna joka linatema moto. Kuna anayekubali kila kitu, matokeo yake kila zamu kila mtu anabembea kwenye kamba, hakuna anayetembea kwa miguu tena. Hao wawili unawajua mapema. Mbaya ni wa tatu, anakubali kwa mdomo anakukatalia kwa hesabu na mara nyingi hata mwenyewe hajui.

Angalia. Kwenye toleo la 5 la gemu hiyo, la 2014, ugumu wa kati ni 15. Unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha uwezo wako, ukifika 15 umepita. Mwizi wetu ana +5, kwa hiyo anahitaji dadu imwoneshe 10 au zaidi, ambayo ni asilimia 55. Sio mbaya eti? Sasa refa anasema haya, rusha uone kisu kama kimeshika, haya rusha tena uone umetua vipi, haya na teke nalo rusha. Mara tatu, kila moja ni asilimia 55, ila zote zipite kwa pamoja imebaki kama 17, mara moja kwenye sita! Mchezaji akifeli anajiona ana mkosi, kumbe alishafelishwa kabla hajashika dadu. Akifanyiwa hivyo mara mbili tatu hathubutu tena, anarudi kwenye upanga wake, nampiga, nampiga tena, na mchezo unakuwa wa kusinzia.

Kwa hiyo sheria yetu ni fupi. Sarakasi moja, rusho moja. Na kabla ya kurusha refa anataja bei kwa sauti, ukipata unapata nini na ukikosa unalipa nini, ukiiona ghali unaghairi na hakuna anayekucheka (tunacheka kidogo). Ukitumia kitu kilichopo pale kweli, kamba, foromali, ngazi, unarusha dadu mbili unachukua kubwa, hiyo tumeiazima kitabuni humo humo, na ile 55 inapanda mpaka karibu 80. Ila chombo ulichotumia leo usituletee tena kesho, mara ya pili haina nyongeza. Gemu nyingine zina hili jambo ndani kabisa, Exalted ya mwaka 2001 inakuongezea dadu kadiri unavyoelezea kitendo chako vizuri, mi siipendi sana kwa kweli, wenye maneno mengi ndo wanafaidi na kaka mkimya wa kule pembeni anabaki hivyo hivyo.

Halafu ile ya dadu kuonesha 20 basi chochote kimewezekana, hapana bana. Kwenye toleo hilo la 5, 20 inapita yenyewe wakati wa kushambulia, kwenye majaribio ya sarakasi kama haya ni namba kama namba nyingine. Na 20 inatoka mara moja kwenye ishirini, kama ingekuwa inafungua kila mlango watu wangekuwa wanaruka mpaka mwezini kila Ijumaa.

Yule mwizi je? Refa alimtajia bei, ukikosa unatua salama ila tanga lote limekwenda, akasema poa, kwa dadu mbili akapata 3 na 6. Maharamia tuliwashinda baadae kwa ngumi tu za kawaida, ila kikao kizima kilichofuata tupo katikati ya bahari tunashona tanga.