Nadi sio mishipa: mambo ya pranayama ambayo watu wanayachanganya

Kitu cha kwanza utakachoambiwa ukianza pranayama, yaani mazoezi ya pumzi za yoga, ni kwamba mwilini kuna mishipa 72,000 ya nishati inaitwa nadi, na sayansi bado haijaigundua tu. Naelewa kosa linatokea wapi, manake hata kwetu neno mshipa limebeba mzigo mkubwa, mshipa wa damu ni mshipa, wa fahamu nao mshipa, mtu akiumwa ngiri wanasema ana mshipa, shingo ikikaza basi mshipa umevutika. Kisanskriti kiko hivohivo. Mrija ni nadi, mshipa wa damu ni nadi, na tabibu wa Ayurveda, ile tiba ya jadi ya India, akikushika kifundo cha mkono kusikiliza mapigo anasema anapima nadi. Kwa hiyo kuiita mshipa sio uongo, shida ni kwamba ukishaiita hivo unaanza kuitafuta kwenye nyama na mifupa, na huko haipo.

Kuna mtu aliitafuta kweli. Dayananda Saraswati, yule aliyekuja kuanzisha Arya Samaj, jumuiya ya mageuzi ya dini ya Kihindu, mwaka 1875, alikuwa anazunguka kando ya mto Ganges na vitabu vyake vya yoga, na anasimulia mwenyewe kwamba siku moja akaona maiti inaelea, akajitosa akaivuta mpaka ukingoni, akaipasua kwa kisu na kuanza kulinganisha moyo na kichwa na shingo na yale yaliyoandikwa. Havikufanana hata kidogo. Akavirarua vile vitabu, akavitupa mtoni pamoja na ile maiti.

Mimi naona alikuwa sahihi kuhusu nyama, ila alichokitupa hakikuwa kitabu cha nyama. Angalia tu hesabu zenyewe: Upanishadi moja, yaani andiko takatifu la kale la Kihindu, inataja nadi 101 zinazotoka moyoni, nyingine inasema 72,000, Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha mwongozo wa yoga cha karne ya 15, nayo 72,000, alafu Shiva Samhita, kitabu kingine cha yoga, inasema 350,000. Hao watu hawakuwa wanahesabu mirija. Walikuwa wanakaa macho yamefumbwa wanafuata pumzi na mawazo yao yanakoelekea, na wakachora ramani ya kile walichokihisi: Ida kushoto, baridi, mwezi, Pingala kulia, joto, jua, Sushumna katikati kwenye mstari wa uti wa mgongo, ambako pumzi inatulia. Ni ramani ya mtu anayefanya mazoezi, na kwa kazi hiyo ni ramani nzuri sana. Mwaka 1927 daktari mmoja wa India, Vasant Rele, aliandika kwamba kundalini, ile nguvu inayosemwa imelala chini ya uti wa mgongo, ni ule mshipa wa fahamu wa vagusi, na John Woodroffe ambaye ndo alimwandikia dibaji akampinga humohumo kwenye dibaji. Leo klipu nyingi zinarudia dai lilelile kama jipya.

Za chakra, yaani vile vituo vya nishati vinavyosemwa viko kwenye mstari wa uti wa mgongo, nitapita haraka. Watu wanaamini chakra saba zenye rangi za upinde wa mvua ni mafundisho ya maelfu ya miaka. Idadi yenyewe ilikuwa inabadilika kutoka mapokeo hadi mapokeo, wengine wana nne, wengine tano, wengine tisa, na hii iliyoenea duniani inatoka kwenye maandishi ya Purnananda wa Bengal ya mwaka 1577. Humo chakra ya moyo ina rangi ya ua la bandhuka, yaani nyekundu, sio kijani kinachopakwa kwenye mabango ya siku hizi. Upinde wa mvua uliingizwa karne ya 20 na watu wa Magharibi.

Sasa hapa ndo nataka nikae, kwenye oksijeni, manake hapa watu wanaumia. Wanasema pumua kwa nguvu na haraka, ujaze oksijeni mwilini, ukianza kusikia ganzi kwenye vidole na mdomo ujue nadi zinafunguka. Sio kweli. Mtu mzima mwenye afya akiwa amekaa tu, damu yake tayari imebeba oksijeni kwa asilimia 95 hadi 100 ya uwezo wake, hakuna pa kujaza. Ukihema harakaharaka unachofanya ni kutoa hewa ukaa kupita kiasi, na ikishuka sana mishipa ya damu ya ubongo inabana, damu inayofika kichwani inapungua, na hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, nayo inaishikilia kwa nguvu zaidi badala ya kuiachia. Kizunguzungu na ganzi vinatoka hapo. Mimi nilianza na klipu ya namna hiyo, wiki nzima nasikia kichwa chepesi nikadhani napiga hatua.

Na kwa vijana wa pwani naomba mnisikie vizuri: usiheme hivo kabla ya kupiga mbizi. Kinachokulazimisha uibuke kuvuta hewa ni hewa ukaa kupanda, ukiishusha kabla hujazama utajisikia uko sawa kabisa wakati oksijeni inaisha, na unaweza kuzimia chini ya maji bila dalili.

Kinachofanya kazi ni kinyume chake, ni polepole. Mwaka 2001 watafiti wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini na wakirudia mantra ya yoga, yaani maneno ya kurudiarudia, na zote mbili ziliwashusha mpaka pumzi kama sita kwa dakika, na kwa mwendo huo mapigo ya moyo na presha vinaanza kwenda kwa mpangilio mmoja. Kiswahili kinajua hili siku nyingi, pumua, pumzi, pumzika, ni mzizi mmoja.

Ile ya kuziba tundu moja la pua je? Kwamba tundu moja huwa wazi zaidi kuliko lingine na baada ya masaa zinabadilishana, hilo ni kweli, Richard Kayser alilieleza kitabibu mwaka 1895 na yogi walishaliona zamani zaidi. Lakini kusema ukipumulia kushoto unawasha nusu ya ubongo kama taa, hapo dai limekimbia mbele ya ushahidi. Faida kubwa naiona kwenye ule upole wenyewe, tundu moja haliruhusu haraka.

Alafu kapalabhati, ile ya kusukuma pumzi nje kwa tumbo, harakaharaka. Wengi wanaifundisha kama pranayama ya kuanzia, wakati Pradipika inaiweka kwenye yale mazoezi sita ya usafi, pamoja na kuosha pua na tumbo. Na Pradipika hiyohiyo inasema pumzi inafugwa kidogokidogo kama simba, tembo na chui milia, ukiilazimisha itakuua, na inataja kabisa kwikwi, pumu, kikohozi, maumivu ya kichwa na ya masikio kama matunda ya kukosea. Mwaka 2004 jarida moja la kitabibu liliripoti mwanamke wa miaka 29 aliyepata tundu kwenye pafu kwa kuifanya kwa nguvu mno. Ni nadra, lakini ilitokea. Mjamzito, mwenye presha, kifafa au presha ya macho aachane nayo.

Kuna wanaosema haya yote ni majini. Sikatai kwamba mizizi yake ni ya dini za India, ndivyo ilivyo. Ila masufi wa India waliyasoma kwa makini sana, kitabu cha yoga kilitafsiriwa Kiarabu, na karne ya 16 Muhammad Ghawth wa Gwalior akakiandika upya kwa Kiajemi.

Ninavyofanya mimi sasa: nakaa mgongo umenyooka, naziba tundu la kulia kwa dole gumba, navuta kushoto kwa hesabu ya nne, naziba kushoto, natoa kulia kwa hesabu ya sita, navuta kulia, natoa kushoto. Sizuii pumzi. Dakika tano, na nikijikuta natamani kunyakua hewa najua nimehesabu ndefu mno, napunguza.