Je, wajua kwa nini kiolezo cha chipu hakigusi silikoni?

Ukipita kwenye mialo ya dagaa kandokando ya Mwanza jua likiwa kali, tazama kivuli chini ya chanja. Wavu uliolala karibu na mchanga unaacha kivuli unachoweza kuhesabu nyuzi zake. Ulioinuliwa hadi kiunoni unaacha weusi hafifu tu. Sababu ni kwamba jua si nukta: lina upana wa takriban nusu digrii angani, hivyo uzi wa milimita 1 ukiinuliwa zaidi ya sentimita 11 hivi hupoteza kiini cha kivuli chake. Kuchapa chipu, yaani saketi ndogo za ndani ya simu na kompyuta zinazojengwa juu ya silikoni, kwa kutumia mwanga ni ugomvi wa miaka mingi na nafasi hiyo iliyo kati ya kitu na kivuli.

Wachapaji wa fulana wanaujua vizuri. Fremu hupakwa dawa inayogandishwa na mwanga, ikakaushwa gizani. Filamu huwekwa upande wenye wino ukigusa dawa, kioo kizito kinafuata juu, na ndani ya fremu husukumwa sponji nyeusi ili wavu ubanwe kwenye kioo. Palipopigwa mwanga hukomaa. Palipofunikwa na wino hutoka kwa maji. Ukigeuza filamu wino ukawa juu, unene wa filamu wenyewe, milimita 0.1 tu, unageuka kuwa nafasi, na mwanga unajipenyeza chini ya wino hadi herufi ndogo zinaziba. Wingu likitanda kutoka ziwani ni balaa zaidi, kwa sababu sasa mwanga unatoka anga zima. Wengi huongeza dakika. Dakika hizo zinagandisha dawa, ndiyo, lakini pia zinaupa mwanga wa pembeni muda zaidi wa kula kingo za mchoro. Afadhali kusubiri jua.

Chipu za mwanzo zilichapwa vivyo hivyo, kwa kugusanisha. Kiolezo ni bamba la kioo lenye mchoro wa kromu. Sahani ya silikoni imepakwa dawa yenye unene wa mikrometa 1 hivi (sehemu ya elfu ya milimita), na hewa iliyo kati yao inanyonywa ili vishikane. Picha inatoka kali kweli, hata kwa mistari ya chini ya mikrometa 1. Tatizo ni vumbi. Punje moja ya mikrometa 20 inainua kiolezo, na eneo lote linaloizunguka linafifia. Kibaya zaidi, kiolezo kinakwaruzika au kinabaki na mabaki ya dawa, kisha kila sahani inayofuata inarithi kasoro ileile.

Basi wakakiinua kidogo, mikrometa 10 hadi 50. Mikwaruzo ikapungua, ila sasa mwanga ukaonyesha tabia yake ya wimbi. Ni kama mawimbi ya ziwa yanapopita kwenye upenyo kati ya mawe mawili: hayasongi mbele kwa mstari, yanatawanyika pande zote. Hesabu ya haraka ya upana wa ukungu unaotokea ni kuzidisha urefu wa wimbi kwa nafasi, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Mwanga wa taa ya zebaki wa mikrometa 0.365, nafasi ya mikrometa 20: unapata takriban mikrometa 2.7. Ukitaka kupunguza ukungu huo kwa nusu, lazima nafasi ishuke hadi robo, yaani mikrometa 5, na sahani ya silikoni si bapa kiasi hicho.

Njia iliyoshinda ni kukiweka kiolezo mbali kabisa na kuirusha picha yake, kama projekta. Mwaka 1973 kampuni ya Perkin-Elmer ilileta mashine iliyotumia vioo vya kuakisi, picha ikiwa na ukubwa uleule wa kiolezo. Mwaka 1978 kampuni ya GCA ikaleta inayopunguza picha mara 10 na kuchapa kipande kimoja baada ya kingine. Leo upunguzaji wa kawaida ni mara 4, hivyo kosa la nanomita 40 (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikrometa) kwenye kiolezo linafika likiwa nanomita 10. Vumbi nalo limepatiwa dawa ya kupendeza: utando mwembamba hutandazwa milimita kadhaa mbele ya mchoro, punje zitue hapo. Lenzi haizioni vizuri zikiwa mbali na mchoro, kwa hiyo hazichapwi.

Gharama ya njia hii ni kina. Ukipanua mdomo wa lenzi mara mbili, mistari inaweza kukonda kwa nusu, lakini kina ambamo picha inabaki kali kinashuka hadi robo. Ndiyo maana sahani husuguliwa ikawa bapa kabla ya kuchapa tabaka jingine la chipu.

Mashine za mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5 zimeleta jambo la ajabu. Mwanga huo humezwa na kioo, hata na hewa, kwa hiyo safari yote ni ndani ya ombwe na kila lenzi imegeuka kuwa kioo cha kuakisi, kiolezo kikiwemo. Kwa kuwa mwanga lazima uje na uondoke upande uleule, unakipiga kwa mshazari wa digrii 6, na kingo za mchoro zenye unene wa makumi ya nanomita zinatupa kivuli. Mistari iliyolala kukingama mshazari huo hutoka kwa upana tofauti na iliyolala sambamba nao, na wahandisi hulazimika kurekebisha vipimo vyake kwenye kiolezo kabla hakijachorwa.