Ufafanuzi: Laka ya kale ya Kijapani haitaki mafuta wala jua

Upo ujumbe wa siku nyingi unaorudi kila mara kwenye magrupu: kabati au paneli ya kale ya laka kutoka Japani ikififia, ipake mafuta ya zeituni, uianike juani, nayo itang'aa tena. Si kweli, na ukishaiharibu hivyo ni vigumu kuirudisha.

Laka hiyo, yaani urushi, ni utomvu wa mti unaopakwa juu ya mbao. Haikaushwi kwa jua. Hukomaa kwenye unyevu, ndiyo maana mafundi wa Japani huhifadhi kazi mbichi ndani ya kabati lenye unyevu wa takriban asilimia 70 hadi 80. Adui wake mkubwa ni mwanga: huichakaza kwa juu, weusi ukaelekea kahawia na mng'ao ukapotea. Ukitaka kuhakiki, fungua mlango wa kabati la zamani ulinganishe ndani na nje. Mara nyingi ndani, kusikofikiwa na mwanga, bado kunang'aa.

Mkanganyiko unaeleweka. Mbao nyingi tupu hupakwa mafuta, na hata kwenye laka mafuta huleta mng'ao, ila wa muda tu. Baadaye hunasa vumbi na kupenya kwenye nyufa, yakamtatiza fundi wa kukarabati. Maji nayo, ambayo bakuli jipya la supu lililopakwa laka huyastahimili vizuri, huacha madoa kwenye laka iliyochakazwa na mwanga.

Vumbi liondolewe kwa brashi laini, kavu. Kama laka ina mapambo ya unga wa dhahabu, yanapobanduka pasiguswe. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Aliyeutuma mwambie kwa upole afunge pazia.