Bangi, miraa, pombe na kibali cha usalama Marekani: dhana potofu na ukweli

Miongoni mwa Waafrika Mashariki waliopata uraia wa Marekani na sasa wanaomba kazi jeshini, wizarani au katika kampuni zenye zabuni za ulinzi, yanavuma maneno mengi kuhusu kibali cha usalama, yaani idhini ya kushika siri za serikali. Linalorudiwa zaidi ni kwamba aliyewahi kuvuta bangi, hata mara moja akiwa mwanafunzi, asijisumbue kuomba. Si kweli. Mwongozo wa SEAD 4, ambao serikali huutumia kuamua nani apewe kibali tangu Juni 2017, una vigezo 13. Kigezo G kinahusu pombe na kigezo H dawa za kulevya, na mhakiki, yaani afisa anayeamua ombi, anatakiwa kuyatazama maisha ya mwombaji kwa ujumla wake: alitumia nini, mara ngapi, akiwa na umri gani, na ameacha tangu lini. Desemba 2021 Avril Haines, aliyekuwa Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa, alizieleza idara kwamba matumizi ya bangi ya zamani huzingatiwa, lakini peke yake hayaamui hatima ya ombi. Anayeendelea kutumia ndiye aliyefungiwa mlango, kwani sheria iliyoanza kutumika mwaka 2008 inakataza mtumiaji haramu wa sasa, au mraibu, kupewa kibali.

Wapo wanaojifariji kwamba jimbo lao limeihalalisha bangi. Kibali hutolewa na serikali ya shirikisho, ambayo sheria yake inaihesabu bangi kuwa miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa, hivyo leseni ya duka la jimboni haimkingi mwombaji.

Kwa watu wetu, mtego usiozungumzwa vya kutosha ni miraa. Mkenya aliyekulia mahali inapolimwa na kuuzwa kihalali huiona kama kiburudisho cha barazani, na hushangaa kusikia kwamba kathinoni, kemikali iliyomo katika majani mabichi, iliwekwa mwaka 1993 katika Jedwali la Kwanza la Marekani, orodha ya dawa zinazodhibitiwa vikali zaidi, pamoja na heroini. Anayeitafuna Marekani, mjini Minneapolis, hawezi kujitetea kwa kusema kwamba kwao ni zao la biashara. Vivyo hivyo, kumeza vidonge vya maumivu alivyoandikiwa ndugu yako ni matumizi mabaya ya dawa, ingawa vilitoka hospitalini.

Ushauri mbaya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ule wa kuficha. Fomu ya SF-86, ambayo mwombaji wa kibali huijaza, huuliza kuhusu dawa za kulevya katika miaka 7 iliyopita, kisha mpelelezi huwahoji majirani, waajiri wa zamani na marafiki. Fomu yenyewe inaahidi kwamba majibu ya kweli kuhusu matumizi hayo hayatatumika kama ushahidi dhidi ya mwombaji katika kesi ya jinai. Kusema uongo kwa makusudi, kwa upande mwingine, ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 5, na kunaibua kigezo E kuhusu mwenendo. Hivyo kosa dogo la ujanani, ambalo huenda lingesameheka kwa kupita muda, huzaa shaka mpya kabisa juu ya uaminifu wake leo.

Kuhusu pombe, kunywa si tatizo. Yanayotazamwa ni kukamatwa ukiendesha gari umelewa, kufika kazini ukiwa mlevi, ugomvi unaotokana na ulevi, au kupuuza matibabu yaliyopendekezwa na mtaalamu. Kwa sababu hiyo wanaokwepa tiba wakihofia rekodi wanajidhuru: aliyekiri tatizo, akamaliza matibabu na kudumu katika kiasi au kujizuia kabisa ana hoja nzito ya kumtetea.

Wala kibali si haki ya mtu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisisitiza hivyo mwaka 1988 katika kesi ya Egan, mfanyakazi wa jeshi la majini aliyenyimwa kibali, na shaka ikibaki huamuliwa kwa kulinda usalama wa taifa. Mfanyakazi wa kampuni yenye zabuni anayekaribia kunyimwa huandikiwa sababu, naye anaweza kuzijibu na kuomba kusikilizwa mbele ya jaji wa utawala. Aliyekwisha kupewa naye huendelea kufuatiliwa kwa mifumo ya kompyuta, kwa hiyo kukamatwa kwake usiku wa Jumamosi kunaweza kuifikia idara kabla hajaripoti mwenyewe.