Kiuno Hakiniumi, Basi Figo Zangu Nzima

Wiki hii nimeisikia mara tatu kliniki hapa Pemba: "Daktari, figo zangu nzima, kiuno hakiniumi." Wa mwisho alikuwa bibi mwenye sukari ya miaka mingi, amevimba chini ya macho tangu asubuhi. Tulipompima mkojo, protini ilikuwa imejaa tele.

Figo haziko kiunoni. Ziko juu yake, nyuma, zimejificha chini ya mbavu za mwisho. Na nyama yenyewe ya figo haisikii maumivu; kinachouma ni utando unaoizunguka, ukitanuka kwa jiwe lililoziba au kwa uambukizo. Presha na sukari, ambazo ndizo zinazomaliza figo za watu wengi, hazitanui utando huo. Kila figo ina vichujio kama milioni 1. Vikifa baadhi, vilivyobaki hubeba mzigo wa wenzao, na mwenyewe hana habari kwa miaka. Akija kusikia kichefuchefu, mwili unawasha na pumzi hazitoshi, ujue figo imebakiwa na nguvu kidogo sana.

Dhana hii inaumiza pande mbili. Asiyeumwa kiuno hapimi. Anayeumwa, hasa msimu wa karafuu baada ya kushinda juu ya mkarafuu, huamua kuwa ni figo, akanunua diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani na kuimeza wiki nzima. Dawa hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Mwenye presha au sukari akiizoea, anatibu misuli ya mgongo huku anaziua figo zake! Hili linanikasirisha, sifichi.

Tazameni haya: mkojo wenye povu lisilokatika, mfano wa sabuni, kope kuvimba asubuhi, viatu kubana jioni, kuamka usiku kukojoa kuliko mlivyozoea, presha kukataa kushuka. Hata dalili hizi huja zimechelewa. Mwenye presha au sukari apime kila mwaka mkojo kwa albumini (protini ya damu inayovuja figo ikiumia) na damu kwa kreatinini (taka ambayo figo huichuja), vyote viwili, maana kreatinini inaweza kusoma vizuri wakati albumini imeshaanza kuvuja. Mimi napenda mkojo wa kwanza wa asubuhi. Njooni nao, msione haya.

Na mengine ninayoyasikia: "Nakojoa sana, kwa hiyo figo zinafanya kazi." Figo iliyochoka inaweza kutoa maji mengi na kuacha taka ndani.

"Madafu yanasafisha figo." Kwa mzima ni kinywaji kizuri, basi. Figo zikishashindwa, potasiamu ya dafu hujilimbikiza na inaweza kuusimamisha moyo.

"Mtoto anakojoa damu, itaacha yenyewe." Kwetu visiwani mara nyingi ni kichocho, kinachopatikana kwenye vijito na mabwawa ya maji baridi. Kikiachwa huziba njia ya mkojo, mkojo ukarudi nyuma na kuitanua figo. Dawa yake, prazikwanteli, ni vidonge vya kumeza. Mleteni mtoto kabla damu haijakatika; hata ikikatika, mleteni.